Ng'ombe wa jirani, mimba iliyotoka na kipimo cha vinasaba: je, kinatosha kumhukumu mtu?



Swali hili limetufikia kutoka kwa familia moja ya Wete, na majina tumeyahifadhi. Kaka yao alihamia bara miaka mingi nyuma, akaoa huko huko, na leo ana duka dogo na mifugo kidogo Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo na Kasulu. Mwaka jana alinunua mitamba miwili kwa jirani yake. Baada ya miezi michache mmoja wao akatupa mimba, kisha ng'ombe wake wa zamani naye akatupa. Aliyesafisha zizi mara zote mbili ni mkewe, kwa mikono mitupu. Mke akashikwa na homa isiyokwisha, na mimba yake ya miezi minne ikatoka. Zahanati wakampima damu, wakamwambia ana brusela. Tangu siku hiyo kaka hamsalimii jirani yake, na wanasali msikiti mmoja.

Familia imesikia kwamba siku hizi kuna kipimo cha vinasaba kinachoonesha kijidudu kimetoka kwa mnyama gani. Wanauliza: kipimo hicho kikifanywa na kikawaonesha ng'ombe wale, jirani atalipa? Na mpaka hapo, kaka yao ana haki ya kumnunia?

Kwanza tuwape pole. Mimba iliyotoka ni msiba, na mama aliyeipoteza aliwazwe na watu wa nyumba yake asiachiwe lawama. Pili, swali hili lina elimu mbili ndani yake, ya maabara na ya fiqhi, na mtu akiijibu moja bila ya nyengine atawapoteza. Nimekaa na wenzangu wa chuo kikuu wanaosomesha mambo haya kabla ya kuandika.

Brusela ni bakteria. Wafugaji wa bara wanauita ugonjwa wake ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu kwa mnyama hiyo ndiyo alama yake kubwa: ng'ombe au mbuzi anatupa mimba, mara nyingi ikiwa imeshakua. Mimba ile, kondo la nyuma na majimaji yake hubeba vijidudu kwa wingi mno. Binadamu huvipata kwa kuvishika, hasa akiwa na mchubuko mkononi, kwa kuvuta hewa ya zizi lililochafuka, na kwa kunywa maziwa mabichi. Kwa mtu, ugonjwa huja kama homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu unaomfanya mtu aonekane mvivu. Wanaume huweza kuvimba korodani. Mama mjamzito huweza kupoteza mimba. Huyu mama wa Busunzu basi anaweza kuwa amepatwa na hilo hasa, lakini mimba hutoka kwa sababu nyingi, na hakuna anayeweza kusema kwa yakini kwa kukisia tu.

Homa hii hufichika ndani ya homa nyengine. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa wameandikiwa malaria. Walipopimwa vizuri, malaria ilikuwa ndiyo sababu kwa chini ya wawili katika kila 100. Na miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe, na brusela. Ni watu waliokuwa wakinywa dawa za malaria huku ugonjwa uko zizini.

Sasa tuje kwenye suala la kujua kijidudu kimetoka wapi, kwani hilo ndilo linaloulizwa.

Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikitoa kijidudu hiki kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Jina la brusela linatokana naye. Lakini kukijua kijidudu hakukumponya mtu. Kwa karibu miaka ishirini askari waliendelea kulazwa kwa sababu hakuna aliyejua chanzo. Wengine walilaumu hewa, wengine vumbi. Mwaka 1905 daktari mzaliwa wa Malta, Themistocles Zammit, akapima damu za mbuzi waliokuwa wakipitishwa majumbani na kukamuliwa mlangoni mbele ya mnunuzi. Mbuzi wale walikuwa wazima wa kutazama, na wamebeba maradhi. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa miongoni mwao ikaporomoka. Raia wa kisiwa hawakuwekewa katazo hilo, wakaendelea kuugua kwa miaka mingi.

Huku nyuma, mwaka 1897, Bernhard Bang wa Denmark alikuwa amekipata kijidudu cha ng'ombe wanaotupa mimba. Kila mtu aliviona kuwa ni vitu viwili visivyojuana, mpaka 1918 mwanamama wa Marekani, Alice Evans, alipoonesha kuwa ni ndugu wa karibu. Mabingwa wengi walimpuuza wakati ule. Leo tunajua kuwa brusela ni ukoo wenye matawi: liko tawi la mbuzi na kondoo, liitwalo melitensis kwa jina la zamani la Malta, liko la ng'ombe, abortus, yako mengine. Ukiyatazama kwa darubini hutayatenganisha.

Ndipo kinapoingia kipimo cha vinasaba. Neno lenyewe, msomaji utaliona, limetoka kwenye nasaba, na aliyelichagua hakukosea. Kila kijidudu kina maandishi yake ya urithi, na ya brusela yana takriban herufi milioni 3.3. Kinapozaliana hunakili maandishi hayo, na katika kunakili hutokea makosa madogo.

Sisi tuliosoma vitabu vya mkono tunalijua jambo hili. Mwanachuoni alikuwa akinakili kitabu cha fiqhi, akateleza mstari mmoja. Mwanafunzi akanakili kwake akalichukua kosa lile na kuongeza lake. Baada ya miaka mia mbili unaziweka nakala mezani na unaweza kusema: hizi tatu zimetoka kwa mwandishi mmoja, na ile imetoka kwa mwengine, kwa kuangalia makosa wanayoshirikiana. Wataalamu wa vijidudu wanafanya hivyo hivyo. Njia moja ni kutafuta alama za kila tawi, ili kujua kwanza hii ni ya mbuzi au ya ng'ombe. Njia ya pili ni kuangalia sehemu 16 ndani ya maandishi ambapo kipande kifupi kimejirudia, na kuhesabu kimejirudia mara ngapi katika kila sehemu. Hesabu zile 16 zinakuwa kama namba ya kitambulisho. Njia ya tatu, ambayo siku hizi inazidi kutumika, ni kuyasoma maandishi yote na kulinganisha herufi kwa herufi.

Faida yake si ya darasani tu. Katika eneo la Ngorongoro, wagonjwa wa homa walipochunguzwa hospitalini na kijidudu kikatambuliwa kwa vinasaba, ilionekana kuwa wengi walikuwa na melitensis, ingawa abortus nayo ilikuwepo. Maana yake nini? Chanjo ya ng'ombe na chanjo ya mbuzi si moja. Jamii ikitumia fedha zake kuchanja ng'ombe pekee, huku homa inatoka kwa mbuzi anayekamuliwa kwa ajili ya uji wa mtoto, itakuwa imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Mfano mwengine ni kifua kikuu. Profesa Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzake walionesha kuwa miongoni mwa Watanzania waliokuwa na matezi ya kifua kikuu shingoni, wapo waliokuwa na aina ya ng'ombe. Aina hiyo kwa maumbile yake haisikii pirazinamidi, ambayo ni moja katika dawa nne anazoanzishiwa mgonjwa. Hapa kujua nasaba ya kijidudu kunabadilisha dawa.

Turudi Busunzu. Watafiti walikwisha kupima ng'ombe wa kienyeji katika wilaya za Kibondo na Kakonko, na kazi yao ikachapishwa 2015; walikuta ng'ombe wenye alama za brusela katika damu. Kwa hiyo ugonjwa upo wilayani, haukuletwa na mitamba miwili. Na hapo naomba familia ya Wete isome polepole, kwa sababu kuna tofauti baina ya alama katika damu na kijidudu chenyewe. Kinachopimwa katika utafiti kama ule, na katika zahanati, ni askari wa mwili waliojitokeza kupambana. Askari wale wanasema adui amepita. Hawasemi alikuwa wa nasaba gani wala alitoka zizi la nani. Kipimo cha vinasaba kinamtaka adui mwenyewe, au mabaki yake, atoke katika damu ya mgonjwa, au katika maziwa, au katika mimba iliyotupwa.

Tena kipimo kile cha haraka cha zahanati nacho kina udhaifu. Huko magharibi ya Kenya kilipofanyiwa uhakiki, wengi walioambiwa wanayo brusela hawakuonekana nayo kwa kipimo madhubuti zaidi. Sisemi kuwa mama huyu hana ugonjwa. Nasema kwamba hasira ya miezi kadhaa imejengwa juu ya karatasi ambayo ilihitaji karatasi ya pili.

Na kumtoa adui si rahisi. Brusela hukua polepole maabara, siku nyingi na pengine wiki, na ni miongoni mwa vijidudu vinavyowaambukiza sana wafanyakazi wa maabara wenyewe, kwa hiyo hakioteshwi popote tu. Kama mimba iliyotupwa ilizikwa mwaka jana na mama amekwisha kunywa dawa, huenda hakuna tena cha kusoma.

Tukadirie kuwa kimepatikana. Kimepatikana kwa mama, na kimepatikana kwa mtamba, na namba zile 16 zimelingana. Je, jirani amehukumika?

Hapana, bado. Brusela ni ukoo unaofanana kupita kiasi. Matawi yake yanashirikiana zaidi ya herufi tisa katika kila kumi, na ndani ya tawi moja tofauti ni chache zaidi. Ng'ombe wa wilaya nzima wanaonunuliwa minada ile ile na kunywa bonde lile lile wanaweza kuwa na namba moja. Kulingana kunatuambia mama na mtamba wako katika mlolongo mmoja. Hakutuambii nani alimpa nani: huenda mtamba alikuja nao, huenda aliupata kwa yule ng'ombe wa zamani aliyekuwa nao kimya kimya, huenda wote wawili waliupata malishoni. Kusoma maandishi yote hukaribia zaidi, na ukiongeza tarehe na historia ya kila mnyama picha husafika, lakini hata hapo mtaalamu mwaminifu atasema "inaelekea", hatasema "nashuhudia".

Kipimo hiki kina nguvu zaidi katika kukanusha kuliko katika kuthibitisha. Mama akikutwa na melitensis na ng'ombe wana abortus, basi dhana yote kuhusu mitamba imeanguka, na macho yaende kwa mbuzi wa nyumbani. (Hata hili lina tahadhari yake: katika baadhi ya nchi melitensis imekutwa kwa ng'ombe waliochanganywa na mbuzi. Ndiyo maana wanapimwa wote, si mtuhumiwa peke yake.)

Wanafunzi wangu wa madrasa wanakijua kisa cha bedui aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akimlalamikia mkewe kwa kuzaa mtoto wa rangi isiyofanana na yake. Mtume alimuuliza juu ya ngamia wake, rangi zao, na kama miongoni mwao yumo wa rangi tofauti; bedui alipokiri kuwa yumo, akakiri pia kuwa labda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Akaambiwa basi huenda na mtoto wake ni hivyo. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Maulamaa wamekitumia kuonesha kuwa mfanano au kutofautiana, peke yake, hakutoshi kumvunjia mtu heshima. Mimi nakiona kinamhusu mwenye mitamba pia. Kipimo cha vinasaba kwa fiqhi yetu ni qarina, dalili inayosaidia. Kinaupa nguvu ushahidi mwengine na kinaweza kuubomoa, na hakisimami badala yake.

Ama hukumu ya mauziano, ni hivi kwa ufupi, kwa madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na wengi wetu. Muuzaji anayejua aibu ya mnyama ni wajibu aiseme, na kunyamaza ni ghushi. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha, kwa sharti asicheleweshe baada ya kujua. Ikiwa kwake kumetokea aibu nyengine mpya, kwa kawaida hugeuka kuwa fidia ya tofauti ya thamani badala ya kurudisha. Wakigombana kama aibu ni ya zamani au imezuka kwa mnunuzi, na yote mawili yanawezekana, kauli inayosadikiwa ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake, kwa sababu asili ni kuwa mauziano yamesihi. Hapo ndipo kipimo kinapofaa: tathmini ya mifugo ya jirani iliyobaki, ikiwa na historia ya kutupa mimba aliyoificha, ni jambo zito mbele ya kadhi au mahakama. Lakini mfugaji ambaye hakujua, na ng'ombe wake walikuwa wazima wa kutazama kama mbuzi wale wa Malta, hakughushi. Huenda akabeba kasoro ya bidhaa; habebi dhambi ya kudanganya. Na kumdai damu ya mimba iliyotoka kwa ugonjwa aliokuwa haujui, kupitia zizi ambalo si lake, sioni njia yake.

Ama kununa, Waislamu wawili hawahamani zaidi ya siku tatu kwa jambo la kidunia, na hili halihitaji maabara.

Imeandikwa pia katika barua kwamba mzee mmoja pale kijijini alisema Muislamu haamini uambukizo, basi kupima wanyama ni upungufu wa imani. Mtume (S.A.W.) huyo huyo aliyekanusha uambukizo kwa maana ya Majahili, kwamba ugonjwa unatenda kwa nguvu zake wenyewe, ndiye aliyekataza wenye ngamia wagonjwa kuwaleta kwa ngamia wazima. Kauli zote mbili ni zake. Mzee amechukua moja.

Nanyi mlioko visiwani msiusome huu kama ugonjwa wa Kigoma. Mbuzi na ng'ombe wetu wengi wa Idd hushuka kutoka bara. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema maziwa yakichemshwa hupotea utamu wake, nasi tukanywa ya moto wa ng'ombe, yaani yaliyotoka kwenye chuchu. Maziwa ya mnyama mgonjwa ni twahara na halali kwa asili yake, ila kunywa kitu unachojua kitakudhuru hakufai, na kuchemsha mpaka yatokote kunaondoa dhara hiyo. Kugandisha mtindi peke yake msikutegemee. Nyama ikipikwa ikaiva haina neno. Mwenye hatari ni anayechinja, anayechuna na anayetoa matumbo, basi afunike michubuko ya mikono yake na aoge kwa sabuni.

Kwa kaka yetu wa Busunzu: mkewe apelekwe hospitali ya wilaya akapimwe upya, na aelezwe daktari habari ya zizi, maana bila ya kuambiwa huenda asiiwazie. Ikithibitika, matibabu kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja kwa wiki sita, na kosa kubwa la wagonjwa ni kuziacha wiki ya pili homa ikitulia. Amwite afisa mifugo, na akitokea mnyama mwengine kutupa mimba, asiishike mtu bila ya mipira ya mikono. Ichukuliwe sampuli kwanza ipelekwe maabara ya mifugo, kisha kilichobaki kizikwe kwa kina mbali na mbwa. Hiyo ndiyo nafasi ya kipimo cha vinasaba kuwa na kitu cha kusoma.

Na amwendee jirani, amsalimie, amweleze yaliyotokea kwa maneno ya habari na si ya mashitaka. Jirani naye ana mke anayekamua, na watoto wanaokunywa. Huenda naye ana homa ndani ambayo ameandikiwa malaria mara tatu. Wapime mifugo ya nyumba zote mbili siku moja.

Mitamba ile miwili asiipeleke mnadani kabla ya majibu. Akiiuza akanyamaza, atakuwa amelifanya kwa yakini lile analomdhania mwenzake.

Wallahu aalam.